Mipira Ndani ya Zege

Saa sita mchana Naomi alikuwa chini ya sakafu ya ghorofa jipya la Nyakato, akitazama sindano za vipimo vitatu vilivyoigusa kwa chini kuonyesha inavyobonyea. Ndani ya sakafu ile mlifichwa mipira ya plastiki mitupu ili kupunguza uzito, na zege lake lilikuwa lile laini linalojisambaza lenyewe bila kushindiliwa. Jana sakafu ilibebeshwa mifuko ya mchanga ili kuijaribu. Asubuhi mifuko ilishushwa, na sasa sakafu ilitakiwa kujiinua polepole na kutulia.

Badala yake sindano ya kwanza ilishuka, ikarudi. Ya pili ikashuka, ikarudi. Kisha ya tatu, nayo ikaganda hukohuko chini.

"Juu kuna nani?"

"Hakuna mtu, ngazi tumeshatoa," alisema Magesa, msimamizi wa mafundi. "Injinia, wewe saini tu. Jumamosi namfanyia binti yangu Jenipher sendofu ya kumuaga kabla ya harusi hapo juu, watu mia mbili. Kadi nimegawa mpaka Bunda."

Naomi hakuwa mtu wa kuamini mizimu, aliamini milimita. Tatizo ni kwamba milimita zenyewe sasa zilikuwa zinatembea, na aliogopa. Mara juu ya vichwa vyao ikasikika nyundo: ko, ko, ko. Magesa akakaa kwenye ndoo bila kutazama kama ina maji. Ilikuwa nayo.

Waliegesha ngazi, wakapanda. Palikuwa patupu. Naomi akagonga kwa nyundo pale juu ya kipimo cha tatu, zege likabonyea kama ganda la yai, na mpira mweusi ukachungulia. Ulikuwa umeelea hadi juu zege likiwa bichi. Lililobaki kuufunika halikuzidi unene wa kidole. Akagonga kando, akagonga kando tena. Kote mlio ulikuwa mtupu.

"Hamkuifunga mipira kwenye nondo?"

Machozi yalimtoka Magesa. "Fundi wangu Boniphace alisemaga tuifunge. Nikamcheka. Zege linajipanga lenyewe, mpira utainuliwa na nini? Yeye alikuwaga anagonga kila sakafu, hata isiyo yake."

Akatoa simu.

"Jenipher mwanangu, sendofu tunahamishia uwanjani. Fundi amekataza watu kupanda."

"Fundi yupi, baba?"

"Boniphace."

"Baba, Boniphace si tulimzika Pasaka?"

"Ndiyo," alisema Magesa. "Tulimzika."