Kiwanja cha Ujazo Mdogo

Katika mtaa wao wa Buswelu hakuna aliyeijua sheria ya kiwanja kimoja nyumba moja kama Mzee Luhende, maana yeye ndiye aliyeishupalia. Walipokuwa wanapimiwa viwanja, miaka minne iliyopita, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya urasimishaji wa makazi. Aliposikia kuna ujazo mkubwa, wa kubanana, na ujazo mdogo, wa watu wenye nafasi zao, alisimama mkutanoni akasema wao si kuku wa kulala banda moja. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mtaa mzima ukaingia kwenye ramani kuwa wa ujazo mdogo, kiwanja kimoja nyumba moja.

Mwaka uliofuata jirani yake, Mayala, aliomba ruhusa ya kujenga nyumba tatu zilizoshikana kuta, akae na wanawe. Tangazo likabandikwa, majirani wakaulizwa kama wana pingamizi. Luhende peke yake ndiye aliyepinga. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wake wa kulala, akajiona mtu wa maana sana. Ombi la Mayala likakataliwa.

Sasa mke wake amefariki, na presha imemwangusha mara mbili akiwa peke yake ndani. Mara ya pili ni muuza maziwa aliyemkuta sakafuni. Watoto wake, Winnie na mdogo wake Jonathan, wako tayari kuhamia, ila kila mmoja ana familia, anataka mlango wake na jiko lake. Nyumba tatu, kuta zimeshikana, baba katikati.

"Mzee wangu, kiwanja chako ni ujazo mdogo," alisema Rose, ofisa mipango miji, ofisini kwake, baada ya kumwamkia shikamoo. "Unaweza kuomba kibadilishwe, lakini jirani unayepakana naye asaini kwamba hana pingamizi."

"Jirani yupi?"

"Huku ni barabara, huku korongo. Umebaki na mmoja tu."

Alifungua faili la mtaa kumwonyesha ramani. Karatasi mbili zikatangulia kutoka, na Luhende aliutambua mwandiko kabla hajavaa miwani.

Alikaa na fomu aliyopewa na Rose siku tisa. Kila asubuhi aliikunjua, akaikunja. Siku ya kumi alivaa koti, akaenda.

Alimkuta Mayala uani anaosha sufuria. Ilikuwa moja tu, ndogo, ya kupikia mtu mmoja. Luhende hakuwa na maneno ya kuzungukia, akamkabidhi fomu na kalamu. Mayala alikausha mikono kwenye suruali, akasoma yote taratibu.

"Zinashikana kuta?"

"Zinashikana."

"Kila mtu na mlango wake."

"Ndiyo."

Mayala akasaini, akaandika na tarehe.

Luhende aliikunja fomu. "Na wewe omba tena," alisema. "Safari hii nitakuwa wa kwanza kukusainia."

"Wanangu walishajenga Kisesa, kila mmoja na eneo lake," alijibu Mayala bila ukali wowote. "Nafasi tele. Wanakuja Krismasi."

Alimrudishia kalamu yake, akainama tena kwenye sufuria.

"Wajukuu zako wakihamia," alisema, "usiwakataze kupiga kelele. Huku kwangu kumekuwa kimya mno."