Miguu ya Bisikesan

Bisikesan alikuwa ameshavuka majaruba matatu ya mpunga, viatu mkononi, ndipo akageuka kutazama kama anafuatwa. Alikuwa anafuatwa. Kwenye njia ya kijiji cha Kurlapali ngoma zilikuwa zinakuja, na mbele ya ngoma alikuja mdogo wake Tribikram, shati jeupe, shada la maua shingoni. Mbele yake, mpiga picha wa kukodi alikuwa akirudi kinyumenyume, mpaka akatumbukia mferejini.

"Kaka! Simama nikushike miguu!"

"Kashike ya mama mkwe wako!" Bisikesan akajibu, akaongeza mwendo.

Mpita njia angedhani mzee kapagawa. Lakini ilikuwa Nuakhai, sikukuu ya mchele mpya, na Nuakhai ina sheria zake. Mchele mpya haugusi mdomo wa mtu mpaka mkubwa wa nyumba aanze kumpa mungu, kisha awagawie wengine kwa mkono wake, na yote hayo ndani ya saa njema aliyoitaja kuhani. Wakishakula, wadogo huinama wakashika miguu ya wakubwa. Na mkubwa akishashikwa miguu siku hiyo, kesi imefungwa. Amesamehe. Hana ruhusa ya kulitaja tena lile jambo, hata usingizini.

Lile jambo lilikuwa tuta. Marehemu baba yao aliwaachia mashamba mawili na tuta moja katikati. Kila msimu Tribikram alijitolea kulikarabati, na kila likikarabatiwa lilisogea upana wa kiganja upande wa kaka yake, kama vile udongo wenyewe ulikuwa unamtamani Bisikesan. Miaka yote hiyo Tribikram hakuwahi kuinama. Mgongo unamsumbua, alisema. Mwaka huu alikuwa anagombea uenyekiti wa kijiji, na mgongo ukawa umepona.

Bisikesan alifika kwenye dungu la kuwingia ndege, akapanda, akavuta ngazi juu, akaikalia miguu yake kama bata anayeatamia.

Umati ukalizunguka dungu, kuhani naye akiwamo.

"Kaka, mimi mdogo wako nimekosa," alisema Tribikram, uso ameuelekeza kwenye kamera.

"Umekosa nini? Kitaje."

"Yote, kaka. Kwa jumla."

"Kwa jumla wanauza vitunguu. Wewe taja moja moja!"

Watu wakaangua kicheko. Mpiga picha, suruali ikimchuruzika maji, akauliza kwa adabu kama mzee anaweza kuning'iniza walau mguu mmoja.

Ndipo akaja Surubali, mke wa Bisikesan, amekwea matuta yote yale kwa njaa na hasira.

"Baba Sunadhar, shuka! Tangu jana usiku nyumba nzima haijatia kitu mdomoni. Wajukuu wanalamba sufuria tupu."

"Mwambie huyu aondoke, nitashuka."

"Hushuki?" Surubali akamgeukia kuhani. "Mheshimiwa, saa njema imebaki?"

"Kidogo sana, mama."

"Na mkubwa wa nyumba akikataa kuja, nani anagawa mchele?"

"Anayemfuata kwa kuzaliwa."

Macho yote yakamwendea Tribikram. Tribikram akajiweka sawa shati.

Kule juu, Bisikesan aliyaona yote: mdogo wake ameketi pale alipokuwa akiketi baba yao, mbele ya mungu wa nyumba, anawalisha wajukuu wake yeye kwa mkono uleule uliosogeza tuta. Ardhi ni ardhi. Lakini kile kiti!

Akateremsha ngazi.

"Miguu ni baada ya kula," alionya. "Kabla ya hapo asinikaribie mtu."

Walikwenda nyumbani karibu mbio. Bisikesan akampa mungu, akala, akawagawia wote mchele mpya juu ya majani, umechanganywa na maziwa na sukari guru, Tribikram naye akapata wake. Hakuutafuna. Aliumeza, akajilaza kifudifudi, akavikamata vifundo vya miguu vya kaka yake kwa mikono miwili. Kamera ikalia.

Ikabaki baraka. Bisikesan akaweka kiganja juu ya kichwa cha mdogo wake, akakigandamiza.

"Uishi miaka mingi. Upate kura nyingi. Na mungu akupe nguvu za kulirudisha tuta pale baba alipoliacha, kabla ya uchaguzi."

"Kaka, si umeshasamehe?"

"Nimesamehe. Hii ni baraka."

Baraka ya Nuakhai haikataliwi. Uani watu walikuwa wakitazama, wapiga kura wote.

"Itikia, shemeji," alisema Surubali. "Tunataka kuosha vyombo."

"Na iwe," alisema Tribikram, pua ikiwa sakafuni.

Tribikram alishinda. Tuta lilirudi juma moja kabla ya kura, na baada ya mavuno likaanza kusogea tena. Picha ilitoka na kisigino kimoja na nusu ya kichwa. Ilibandikwa hivyo hivyo. Mpiga picha aliugua mafua. Kuhani alihamia kijiji cha jirani. Surubali alikula mchele wa majani mawili, akalala. Mwaka uliofuata Bisikesan alitoka nyumbani alfajiri, viatu mkononi, akafika kwenye dungu, akakuta mkewe ameshaipasua ngazi iwe kuni.