Nani Atamkatia Ng'ombe Majani

Baba mdogo Wenseslaus alichora barabara ya Babati kwa kidole juu ya meza yetu, kwa maji yaliyomwagika kutoka kwenye bilauri yake. Hapa Moshi, tunatoka alfajiri. Hapa Arusha, tunajaza mafuta. Makuyuni lami inakwisha, lakini pana mbuzi wa kuchoma ambaye, alisema, ukimla hutayasikia mashimo ya mbele. Halafu Magugu kwenye mchele. Halafu mlima upande huu, ziwa upande huu, na mji umekaa katikati.

"Viboko utawaona kwa macho yako, Mama Kornel," alimwambia mama. "Jua likizama wanatoka majini mmoja mmoja, kama wazee wanaokwenda kilabuni."

Mama alicheka. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda karibu na mlango, namenya ndizi, na sikucheka. Tangu tumzike baba, baba mdogo alikuwa akipanda huku Kilema, mlimani Kilimanjaro, kwa misiba tu, na siku moja alipokuja kumshauri mama ang'oe kahawa kwa kuwa bei imekufa. Yeye biashara huria ilimkuta tayari mjini. Aliuza mitumba, akauza betri, na sasa pikapu yake ilikuwa inafuata maharage na mbaazi Babati kila baada ya wiki chache. Mtu wa namna hiyo hampandishi mjane garini ili akaangalie viboko.

Nilifikiri juu ya shamba la chini, lile linalopakana na barabara ya gari. Alikuwa akilitamani tangu baba yu hai. Kwetu kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ni cha wanaume. Mjane hukaa humo, hulima, na akifa huzikwa kando ya mumewe chini ya migomba. Lakini akiondoka na jiko likapoa, wazee wa ukoo huketi na kuulizana nani aingie. Mtoto wa kiume kwetu ni Kornel peke yake, naye alikuwa Dar es Salaam, Krismasi tatu zimepita hajapanda nyumbani. Mimi ni binti, mwalimu wa shule ya msingi mjini Moshi, mwenye chumba cha kupanga. Katika mambo ya kihamba sihesabiki.

Nikauliza safari ni lini. Baba mdogo alijibu bila kunitazama kwamba ni Desemba, shule zikishafungwa.

Desemba! Mchaga gani huondoka mlimani Desemba? Huo ndio mwezi ambao hata walioko Mwanza na Mbeya hupanda, magari yakapita na mbuzi juu, kila nyumba ikapakwa chokaa. Nilisema kwamba basi na mimi nitakwenda, likizo nitakuwa nayo. Alisema mbele ni pa watu wawili, na nyuma patakuwa na magunia. Nikamkumbusha kwa sauti ndogo kwamba wakati wa kwenda magunia yatakuwa matupu. Alinyanyuka, akafuta barabara yote kwa kiganja, akasema, "Wewe mwalimu, baki usahihishe madaftari."

Usiku ule haukunipa amani, lakini si kwa sababu ya Desemba. Kulikuwa na jambo jingine nililolihisi bila kuliona, kama mtu anayejua amesahau kitu nyumbani na hajui ni kitu gani. Asubuhi, mama aliponituma kumpelekea ng'ombe migomba iliyokatwakatwa, nikalijua. Ng'ombe wetu hatoki zizini. Kila anachokula kinaletwa kichwani, na majani yake mama huyafuata kule chini tambarare. Kwa sababu hiyo mtu wa huku hapangi hata kwenda kulala kwenye harusi ya binamu kabla ya kusema nani atamkatia ng'ombe majani. Ndilo neno la kwanza, kabla ya nauli, kabla ya nguo. Baba mdogo alikuwa amepanga mafuta, nyama na viboko, na hakumtaja ng'ombe. Wala mama hakumtaja.

Nilimuuliza mama kwa njia ya mzunguko, kama kuna mtu wa kusaidia. Alisema ng'ombe hatakufa njaa, akaingia jikoni.

Siku ile ile nilikutana na Mama Elisifa, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, akipanda na mzigo wa majani unaomfunika mpaka mabegani. Nilimwamkia, nikampokea panga lake, tukapanda pamoja. Kwa kubahatisha nikamwambia namhurumia, maana mama akisafiri mzigo huo utakuwa miwili.

"Si mbaya, mwanangu," alisema. "Maziwa yatakuwa yangu. Na mpaka masika si mbali."

Nilimuuliza masika ya nini. Alisimama kupumua. Alisema baba yangu mdogo alimpitia wiki iliyopita, wakapatana kwamba atamlisha ng'ombe mpaka mvua za masika zianze. Kisha akaona uso wangu, akasema labda yeye hakusikia vizuri, akaomba panga lake.

Masika! Safari ya kwenda kuona ziwa ilikuwa imegeuka miezi. Nikakumbuka na mengine. Mama alikuwa amefua blanketi zote, hata lile zito la baridi ya Julai. Na wiki mbili nyuma nilimkuta baba mdogo katikati ya kahawa yetu na mtu nisiyemjua, wakitazama masale, ile mimea inayooteshwa mpakani, akasema ni mnunuzi binafsi anayekagua mashamba. Wanunuzi binafsi nimewaona. Wanasimama barabarani na mizani yao. Hawaingii kuhesabu miti.

Nilijiapia kwamba nitasema. Mimi hata darasani watoto huniomba nipaze sauti. Jumapili, tulipotoka misa, baba mdogo alikuja na kilo ya nyama imefungwa gazetini, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba. Mama alimpa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu. Alianza tena habari za safari: mara hii alisema tairi amebadilisha, na kwamba watalala kwanza Arusha ili mama asichoke.

"Baba mdogo," nilisema, kisha nikapaza sauti. "Baba mdogo, kwa nini Mama Elisifa ameambiwa amlishe ng'ombe mpaka masika?"

Alikunywa kwanza. "Ona mwalimu anavyonihoji," alisema. "Nipige magoti nje, au nikachote maji?"

"Na yule mtu wa kwenye kahawa si mnunuzi. Unataka mama aondoke ili wazee wakute nyumba tupu. Unataka shamba la chini."

Nilishika fremu ya mlango. Nilitegemea afoke. Hakufoka, wala hakunitazama. Alimtazama mama, kama mtu anayeomba ruhusa, na kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Mimi ndiye niliyemtuma kwa Mama Elisifa," mama alisema. "Wenseslaus, maliza mbege yako utuache."

Aliimaliza. Mlangoni alinipita kiubavu, akasema gari litaondoka siku ile ile aliyosema, na anayetaka kuaga aje mapema.

Mama alikaa chini jikoni, akavuta kuni. Alianza kueleza taratibu, kama mtu anayefungua fundo ambalo amelifunga mwenyewe. Dada yake Violet, naye mjane, ana shamba juu kidogo ya ziwa la Babati. Analima maharage na mahindi kwenye udongo ambao haujui mbolea, jioni anakaa barazani, na hakuna mzee wa ukoo anayempitia kumuuliza ameuza mkungu gani. Alikuwa amemwita mama tangu mwaka wa msiba. Mama alitaka kwenda kukaa huko. Si kutembea. Kukaa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Kwa sababu ungelia, na mimi nisingeweza kuondoka huku unalia. Na ungemwambia Kornel, Kornel angewaambia wazee, nao wangeniketisha hapo nje mpaka niseme sitaki tena."

Nikamwambia baba mdogo anamdanganya. Alicheka kile kicheko chake cha kwanza nilichokisikia mezani.

"Unadhani sijui anachotaka? Anataka shamba la chini tangu akiwa na meno ya maziwa. Lakini gari ni lake, na njia anaijua, na mtu anayetaka uondoke hakuchelewishi. Yule wa kwenye kahawa nimemtafuta mimi. Atapalilia na kukatia, tugawane nusu. Baba yako mdogo alimleta tu, na mtu huyo anajua kwamba amepatana na mimi."

Nikaona hatari iliyobaki ni yangu. Ningeshuka mjini, nikampigia Kornel simu kutoka posta, na safari ingekufa kabla pikapu haijawashwa. Mama alilijua hilo. Alikuwa ananitazama kama ninavyowatazama watoto ninapowaacha peke yao na mtihani.

Nilisema nitahamia hapa. Nitashuka shuleni na kupanda kila siku, jiko lisipoe.

"Hapana," alisema. "Kamba niliyoivua mimi sitakufunga nayo wewe. Lala hapa likizo hii tu, mpaka Kornel aje. Nimemwagizia kwa mtoto wa katekista kwamba safari hii asipopanda, atakuta mlango umefunguliwa na mwingine. Atapanda. Akija, wewe ndiye utakayemwambia niko wapi, na wazee wakiketi, wewe ndiye utakayesema mbele yao kwamba sikufukuzwa na sikutoroka."

"Mbele ya wazee, mama? Mimi?"

"Leo umesema mbele ya Wenseslaus."

Kuni zilishika. Niliona jinsi alivyokuwa amekonda shingoni, na kwamba khanga aliyojifunga ilikuwa mpya, na kwamba kwa siku zote hizo nilimchunguza mwanamume mmoja tu, nikampita mama kama mtu anavyopita kizingiti.

Nilimuuliza kama atarudi masika.

"Masika niliyasema ili Mama Elisifa asikatae," alijibu. Alichukua mwiko, akageuza ndizi. "Safari ya kwenda nimeipanga vizuri, Zita. Ya kurudi bado."

Nikavuta kigoda karibu naye. Nilianza kumwambia, kwa sauti ya chini, maneno nitakayoanza nayo mbele ya wazee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema niyarudie, na safari hii nisitazame chini.