Waliotoka Kwenye Matabaka

Asubuhi hiyo mpima miamba alisugua ncha za kipande cha jiwe kwa msasa, akakisimamisha kwenye mashine ya kukandamiza na kufunga mlango wa kioo. Kipande kilikuwa cha mviringo, kimo cha chupa ya soda, kimetolewa kwenye mlima ambao kampuni ilitaka kuutoboa handaki la pili. Lilikuwa jiwe la matabaka, jeupe kwa jeusi, lililopikwa na kubanwa chini ya ardhi tangu enzi na enzi.

Mkurugenzi alitaka siku zote vipande ambavyo matabaka yake yamelala, vikandamizwe kutoka juu. Ukilibana hivyo, jiwe hilo ni gumu balaa. Ila matabaka yakikaa mshazari, tabaka huteleza juu ya tabaka na jiwe hupasuka kwa nguvu ndogo tu. Mpima miamba alikuwa amelisema hilo vikaoni mpaka koo likamkauka. Siku hiyo alikata mshazari bila kumuuliza mtu.

Mashine ikanguruma. Sindano ya kipimo haikuwa imepanda sana jiwe lilipolia kach, na ufa ukakimbia kufuata tabaka. Kaka yake mpima miamba akatoka kwenye ufa ule, ubavu ubavu, kama mtu anayepita kwenye mlango uliofunguliwa nusu.

"Zimeni hiyo kitu, inanibana mguu," akasema.

Fundi mitambo, waliyemwita Spana, akazima na kumletea kiti.

Kaka mtu alikuwa mchimbaji. Handaki la kwanza lilipoporomoka lilimfukia yeye na wenzake, na kampuni haikufukua. Ilitangaza kwamba wametoroka kazi. Tangu hapo mama yao, akipita sokoni, aliitwa mama mtoro, naye kila alipoitwa hivyo aligeuka na kujibu, "Mwanangu hakutoroka."

"Umezeeka, mdogo wangu," kaka akasema, akizitazama mvi za dada yake. Yeye alikuwa vilevile kama siku ile.

"Na wewe umechelewa. Mama amekungoja mpaka basi."

"Amekasirika?"

"Sana. Ila si na wewe."

Mkurugenzi akashuka ngazi. Akalitazama jiwe, akamtazama mchimbaji.

"Huyu ni wetu? Basi aeleze alikuwa wapi bila ruhusa."

"Nilikuwa kazini, bosi. Sijatoka hata siku moja."

"Sisi tunajua ulitoroka."

"Labda nilitorokea ndani ya mlima."

Spana akaangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka. Akaamuru mashine isiwashwe tena na vipande vyote vya mshazari vitupwe. Mpima miamba akasimama mbele ya mashine, mikono kiunoni.

"Haviendi popote. Humu kuna wengine."

"Unaichezea kazi yako, mama."

"Kazi yangu ni kupasua mawe. Naomba unipishe."

Akapasua kutwa nzima. Vipande vingine vilitoa vumbi tu, vingine vilitoa mtu. Walitoka wakikohoa, wakaomba maji, wakauliza habari za watoto wao, wakaambiwa kwamba watoto wenyewe sasa wana watoto. Mfagiaji alilalamika kidogo kuhusu vumbi, kisha akaenda kutafuta viti zaidi.

Alasiri mama yao akafika. Akamkagua mwanawe kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Mbona umekaa upande?"

"Ndivyo matabaka yalivyokuwa, mama."

"Haya, twende hivyohivyo."

Akamshika mkono, akampitisha sokoni, meza kwa meza, polepole. Hakumsalimia mtu. Alisimama tu mbele ya kila aliyewahi kumwita mama mtoro, akangoja mpaka mwenyewe ainamishe macho, ndipo akasogea.

Wiki iliyofuata kampuni ilitoa tamko. Iliwakaribisha watoro waliorejea na papo hapo ikawafukuza kwa utoro. Mpima miamba naye alifukuzwa. Kuhusu mlima, tamko lilisema jiwe ni imara, kama vipimo vya matabaka yaliyolala vilivyoonyesha, na uchimbaji ungeanza.

Wachimbaji wakaenda kuketi mahali mlango wa handaki ulipochorwa. Kampuni ikausogeza mlango pembeni. Nao wakasogea. Ikausogeza tena, wakasogea tena, mpaka mitambo ikaletwa upande wa pili wa mlima na kuanza kutoboa kutokea huko.

Mpima miamba alijitengenezea mashine uani kwake kwa jeki ya gari na mabomba ya chuma. Spana alimletea mawe yaliyomwagwa na malori kutoka handaki jipya. Alasiri moja, walipokuwa wakilikandamiza mojawapo, akatoka mwanamume ambaye hakuna aliyemfahamu, shati lake bado limelowa jasho.

"Umefukiwa lini?" mpima miamba akamuuliza.

"Leo asubuhi."

Redio dirishani ilikuwa ikisema kwamba mchimbaji mmoja ametoroka kazi. Mama yake mpima miamba, aliyeketi karibu, akaizima. Akamfuta yule mgeni vumbi usoni kwa upindo wa khanga yake, akamuuliza kwao ni wapi, na mama yake anaitwa nani.

"Vaa viatu," akamwambia binti yake. "Tunampeleka kwao sasa hivi, kabla hao wa kampuni hawajafika kumwambia mama yake uongo."