Sauti ya Tangazo la Siri

Mimi ndiye ile sauti ya redioni inayosema, "Andika bila hofu; hatusomi, hatuuzi." Hilo ni tangazo la programu ya kuficha ujumbe, na niliiamini hata mimi. Mdogo wangu alipomkimbia mumewe, nilimwekea programu hiyo kwenye simu kwa mkono wangu. Ngumi za yule bwana zilikuwa zimemchosha.

Siku moja asubuhi bosi wa matangazo aliniita studio. "Watu wamechoka na ahadi," alisema, "sasa wanataka ushuhuda." Akanipa karatasi. Nikaanza kusoma kwa ile sauti yangu ya asali:

"Siku hizi nalala usingizi. Niko mji wa shangazi, chumba juu ya duka la rangi, ngazi za nyuma. Mume wangu hajui."

Nikaacha kusoma. Maneno hayo mdogo wangu aliniandikia mimi tu, ndani ya programu hiyohiyo.

"Nani kaandika hii?"

"Mashine imetunga. Kwani kuna tatizo?"

"Sisomi. Na msiitoe!"

"Basi kapumzike, dada. Sauti yako tunayo, mashine itamalizia."

Nilidhani ananitania. Hata hivyo nilikimbilia basi la kwenda kwa mdogo wangu, na simu sikuthubutu kupiga, maana sikujua tena nani anasikiliza. Niliposhuka jioni, kinyozi wa stendi alikuwa amefungulia redio. Nilikuwa humo, nikitaja duka la rangi, nikitaja ngazi za nyuma, vizuri kuliko nilivyowahi kusoma chochote.

Nilipanda zile ngazi, nikagonga. "Ni mimi. Fungua tuondoke, shemeji atakuja!"

Mdogo wangu alijibu karibu kabisa na mlango. "Kutwa nzima nakusikia, dada. Nilikuambia wewe peke yako."

"Si mimi niliyesema, haki ya Mungu!"

"Sauti yako siijui?"

"Ni programu yao. Inasoma ujumbe wetu."

"Wewe mwenyewe uliniapia haisomi."

Mimi ninayekula kwa mdomo wangu, nikabaki kugonga na kulia. Chini, mlango wa ngazi ulifunguka, na shemeji akamwita mkewe polepole, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

Ndani, meza ikaburutwa hadi mlangoni.

"Dada," mdogo wangu alisema, "kumbe umekuja naye."