Ponchi ya Kwa Banza

Asubuhi ya sikukuu ya mfalme wa Ubelgiji, katika mwezi wa joto kali unaotangulia mvua kubwa, Ngalamulume alikuwa jikoni kwenye klabu ya wazungu ya Kamina, amekunja mikono ya shati, anakamua ndimu. Alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayesoma masomo kanisani, na baa yote ya klabu ilikuwa chini yake. Kila sikukuu ya wakati wa joto alitengeneza kinywaji cha matunda ambacho wazungu walikiita ponchi. Alikata nanasi vipande vidogo kama kete, akaponda maembe mpaka yakawa uji, akakamua machungwa na ndimu, akatia sukari iliyoyeyushwa pamoja na mdalasini, kisha akaviacha vyote vipoe juu ya barafu. Ramu aliitia mwishoni kabisa, wageni wakishaanza kugombea viti.

Siku hiyo alikuwa na ndimu na ramu tu. Mvua ya kwanza ilikuwa imeangusha udongo juu ya reli upande wa Bukama, na treni iliyobeba makreti ya matunda ilikuwa imesimama huko tangu juzi.

Madame Vervoort, mke wa rais wa klabu, aliingia jikoni akiwa bado na vibanio kichwani. Alitazama beseni la kioo lililokuwa tupu.

“Kule chini iko maembe mingi,” alisema. “Na ananasi. Chuma ile.”

“Ile ya nyuma ya tenisi, Madame?”

“Ndiyo, njo ile. Inaoza bure.”

Miti hiyo ilikuwa imebaki kutoka kijiji cha Kwa Banza. Klabu ilipotaka mahali penye kivuli, watu wa Kwa Banza walihamishwa hadi ng’ambo ya reli, kwenye udongo wa kunata usio na kisima, wakaambiwa ni kwa muda mfupi. Nyumba zilibomolewa kwa trakta. Miti ya matunda iliachwa, pamoja na mananasi chini yake, kwa sababu Madame Vervoort alikuwa na ngozi nyepesi ya kuungua. Mwaka ule ule chifu Banza alifariki huko ng’ambo, akafuatwa na wazee wenzake mmoja mmoja, bila ugonjwa wenye jina.

Ngalamulume alichuma kikapu kikubwa. Aliporudi alimkuta Mwadi mlangoni pa jikoni. Mwadi alikuwa mke wa Abner, fundi wa mabehewa, na alikuwa na desturi ya kuleta mayai siku za sikukuu. Alizaliwa na kuolewa Kwa Banza. Aliinama akanusa kikapu.

“Hizi maembe ni za marehemu mama mukwe yangu, Numbi,” alisema.

“Sasa ni za klabu, mama.”

“Najua. Sikatazi. Na hizi ananasi ni za chifu Banza. Usichanganye, baba. Bale babili balikuwaka na magomvi.”

“Ponchi bila kuchanganya si ponchi,” alisema Ngalamulume.

Mwadi alikubali kwamba hayo hakuyajua, akahesabiwa mayai yake, akaketi kivulini kupumzika.

Ponchi ilipokuwa tayari, Ngalamulume aliionja kijiko kimoja, kama alivyofanya siku zote. Ilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kutengeneza. Kisha akashikwa na wasiwasi juu ya mbuzi wake. Alitoka hadi uani kuangalia kama wameingia kwenye mihogo. Hakukuwa na mbuzi wala mihogo, na yeye mwenyewe hakuwahi kufuga mbuzi maishani. Alirudi ndani akaongeza sukari kidogo.

Wageni walikunywa kwa afya ya mfalme. Madame Vervoort alimaliza glasi yake, akavua viatu, akaketi juu ya majani na kunyoosha miguu kama wanawake wanavyokaa wakibambua karanga. Kisha akasema kwa Kiluba safi, kwa sauti nzito ya mwanamke mzee:

“Kinu yangu iko wapi?”

Ngalamulume alisikia kila neno, maana Kiluba na lugha ya kwao ni ndugu.

“Wee Numbi, hata leo na kinu yako,” alijibu mumewe, Bwana Vervoort. Yeye alikuwa amefungua tai na kujifunga kitambaa cha meza kiunoni, na alikuwa akikohoa kikohozi kirefu cha mtu aliyevuta tumbaku nyingi. “Tangu tulipokuwa vijana unanitafutia magomvi.”

“Na weye Banza, tangu tulipokuwa vijana mbuzi zako zinakula kwangu.”

Kapteni wa jeshi aliomba ugoro. Mke wa daktari alimwambia daktari kwamba alikuwa mwanamume mvivu na kwamba paa lilikuwa linavuja. Watoto wa wazungu, waliopewa ponchi isiyo na ramu, walikaa pamoja ukutani wakilalamikia magoti yao. Gramafoni iliendelea kupiga, na Ngalamulume akaendelea kupita na sinia.

Mwadi aliitambua sauti akiwa uani. Alikwenda hadi kwenye ua wa miti ya maua uliozunguka bustani, akachuchumaa nje yake, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, kama mke anavyomsalimu mama wa mume wake.

“Jambo yako, mama.”

Madame Vervoort aligeuza kichwa. “Kumbe njo weye, Mwadi. Kinu yangu ulipeleka wapi?”

Kabla Mwadi hajajibu, Bwana Vervoort alisimama akagonga glasi kwa kijiko.

“Ni minyi ninasema, minyi Banza,” alianza. “Hapa ni kwetu. Sikupatia muntu. Balikuja na kamba na vijiti, bakapima, bakaniambia nisimame kando kidogo. Mpaka leo niko nasimama kando.”

Bwana Administrateur, mkuu wa wilaya wa serikali, aliyekuwa mgeni wa heshima, aliinua mkono. Glasi zake zilikuwa za kwanza kuisha. “Minyi Kabamba, jirani yake, niko shahidi. Mpaka wake ni kile kichuguu.” Alionyesha mahali penye mstari wa katikati wa uwanja wa tenisi. “Bantu barudi kwao. Barudi sasa, mbele ya kupanda karanga.”

“Barudi,” walisema wote. Kapteni alisema mara mbili. Hakuna mgeni hata mmoja aliyepinga, na Ngalamulume, ambaye alikuwa amesikia mikutano mingi ya klabu, hakukumbuka jambo lingine lililowahi kukubaliwa hivyo.

Jua lilipoanza kushuka ponchi ilikwisha nguvu. Bwana Vervoort alijikuta ana kitambaa cha meza kiunoni, akakifungua, akampa Ngalamulume kikafuliwe. Wageni waliagana kwa furaha. Hakuna aliyeumwa kichwa. Walisema walijisikia wamepumzika, kama mtu aliyelala kwao baada ya safari ndefu.

Kesho yake Mwadi, Abner na wazee wachache waliobaki walikwenda barazani kwa Bwana Administrateur. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Ngalamulume alikuwa hapo kurudisha mwavuli aliousahau bwana huyo kwenye klabu, akapunguza mwendo.

“Bwana,” alisema Abner, “jana ulisema turudi Kwa Banza.”

“Ndiyo, nakumbuka vizuri,” alijibu Bwana Administrateur. “Lakini nilisema nikiwa Kabamba. Kabamba si mtu wa serikali.”

“Alikuwa jirani. Mpaka anaujua.”

“Sibishi. Basi aje mwenyewe hapa, saa za kazi, aseme.”

“Kabamba alishakufa, bwana.”

“Hapo sasa kuna shida,” alisema Bwana Administrateur, na uso wake ulionyesha huruma ya kweli. Aliwasindikiza mpaka kwenye ngazi.

Treni ya matunda ilifika wiki hiyo. Klabu iliyarudisha makreti na kuagiza kwamba ponchi itengenezwe kila Jumapili kwa matunda ya nyuma ya tenisi, mpaka msimu uishe. Ngalamulume alipewa koti jipya jeupe lenye vifungo vya shaba. Lilimkaa vizuri, na Jumapili ya kwanza aliyolivaa alipita mbele ya kioo cha ukumbini zaidi ya ilivyohitajika.

Watu wa Kwa Banza walianza kuja na vigoda vyao. Walikaa nje ya ua, kila familia mahali pake, wakawauliza wazee wao mambo waliyokufa bila kuyasema: dawa ya mtoto anayekojoa kitandani, mahali jembe lilipofichwa, kama binti fulani alikuwa ndugu wa damu au angeweza kuolewa. Wazungu walijibu kwa subira, wengine wakiwa na raketi mkononi. Klabu haikukataza. Iliweka tu sheria kwamba walio nje wasiguse maua na wasipaze sauti wakati wa mchezo.

Ngalamulume naye alijifunza. Asubuhi watu walimjia mlangoni pa jikoni.

“Baba, leo tunaomba utie mapera. Babu yetu alikuwa wa mapera.”

“Mapera yanafanya ponchi iwe nzito.”

“Kidogo tu, baba. Tuko na maneno ya mahari.”

Akatia mapera. Akatia papai la mzee mmoja aliyekuwa mwongo, kwa ombi la wajukuu waliomkumbuka kwa upendo, na Jumapili hiyo daktari aliwahadithia wageni jinsi alivyoua kiboko kwa jiwe. Usiku, nyumbani kwake, Ngalamulume alifikiri wakati mwingine kwamba angeweza kutotengeneza, au angeweza kutengeneza na kuwapa walio nje. Kisha alifikiria koti. Hakuwa mtu mbaya. Alichoweza alifanya: glasi ya Madame Vervoort aliijaza maembe kuliko ya wengine, ili Mwadi apate muda mrefu.

Maana Mwadi alikuwa na shida. Numbi alikufa akiwa hasemi naye kwa ajili ya kile kinu, na sasa kila Jumapili walikuwa wakifika pale pale na kukwama pale pale, kwa kuwa Numbi alipenda kuuliza na hakupenda kujibiwa. Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa msimu, maembe yamebaki machache juu kabisa mtini, ndipo Numbi alipokohoa katikati ya maneno yake na Mwadi akapata nafasi.

“Mama, kinu ilibaki ndani ya nyumba. Siku ya kubomoa nilikuwa na mutoto mugongoni na weye ulikuwa unashika kuku. Nilirudi kuichukua, bakanizuia. Trakta ilipita juu yake.”

Madame Vervoort aliweka glasi chini. Aliangalia uwanja wa tenisi, mahali fulani karibu na wavu.

“Ulirudi?”

“Nilirudi, mama.”

“Hakuna muntu aliniambia kama ulirudi.”

“Haukuuliza ile. Uliuliza kinu tu.”

Madame Vervoort alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. “Basi. Na kwa nini unanisemesha ukiwa inje kama mugeni? Ingia. Embe ni yetu.”

“Mulango hautufungukii, mama.”

Madame Vervoort aliinuka, bila viatu, akaenda mpaka getini. Mlinzi hapo alikuwa Sudi, mtu wa Maniema, mwenye kofia safi ya kufuma na moyo wa kufuata kanuni.

“Fungua,” alisema Madame Vervoort kwa Kiluba.

Sudi alimtazama Mwadi, akamtazama Madame. Alijua fika ni nani anayezungumza. Lakini amri yake ilisema afuate neno la Madame Vervoort, na neno lilikuwa limetoka mdomoni mwake. Akafungua.

Mwadi aliingia. Walikaa wawili chini ya mwembe, wamenyoosha miguu, bega kwa bega. Numbi alimshika mkono. Waliongea juu ya watoto, juu ya Abner ambaye tangu utoto hakupenda kuvaa kofia, juu ya udongo wa ng’ambo ya reli. Numbi alicheka mara moja, na Ngalamulume, aliyekuwa akikusanya glasi kwa utaratibu mkubwa, akaziacha glasi za upande ule mpaka mwisho.

“Nitakupikia kitu,” alisema Numbi. “Unga uko?”

“Uko, mama.”

“Basi leta kuni. Minyi nitawa—”

Jua lilikuwa limefika kwenye paa la ukumbi. Madame Vervoort aliutazama mkono uliokuwa ndani ya mkono wake, akautoa taratibu.

“Weye iko fanya nini humu?” aliuliza.

Mwadi alifikiri kidogo. “Nilikuja kusalimia, Madame.”

“Huku haina pa kusalimia. Sudi!”

Sudi alikuja, akavua kofia, akamsindikiza Mwadi hadi getini kwa heshima zote, kama mtu anayesindikiza mgeni wa harusi, kisha akafunga. Mwadi alisimama nje kwa muda. Aliupeleka puani mkono uliokuwa umeshikwa. Ulinuka sabuni ya kizungu na, chini yake, moshi wa kuni. Akachukua kigoda chake, akashika njia ya reli.

Madame Vervoort alikuwa akitafuta viatu vyake kwenye majani. Alimwambia Ngalamulume kwamba ponchi ya leo ilikuwa nzuri sana, ila ilikwisha mapema, na kwamba mwaka ujao ua ule uinuliwe juu kidogo kwa sababu ya kelele.

“Ndiyo, Madame,” alisema Ngalamulume.

Alimwona Mwadi akivuka reli na kupotea upande wa pili. Akafungua kifungo cha juu cha koti lake, kwa kuwa joto lilikuwa bado kali, akabeba beseni kwenda kuliosha.