Upasuaji wa Kuigiza

Fundi vigae alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu za watu tangu ujana wake, na goti la kulia likachoka kabla yake. Hospitali ilipotafuta wagonjwa wa kushiriki utafiti, akajitokeza.

Muuguzi alimweleza bila kumficha. Wapo watakaoingizwa kibomba gotini wasafishwe ndani. Wengine watapewa dawa ya usingizi, ngozi ichanwe kidogo, ishonwe, basi. Nani kafanyiwa nini, hataambiwa mpaka utafiti uishe.

"Huo wa pili tunauita upasuaji wa kuigiza."

"Kama michezo ya redioni?" fundi akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu. Ila mshono ni wa kweli."

Mkewe hakupendezwa hata chembe. Lakini fundi aliporudi na bendeji, ndiye aliyemwekea mto chini ya mguu, na baadaye akamshika mkono wakajikongoja mpaka barabarani na kurudi. Hawakuwa wametembea pamoja tangu watoto wahame. Wakanogewa na soga za njiani. Maumivu yakapungua, fundi akarudi kazini.

Utafiti ulipoisha, muuguzi akamwita. "Wewe ulikuwa kundi la kuigiza. Ndani ya goti hatukugusa kitu."

Fundi akaona haya. "Kumbe nilikuwa najidekeza tu?"

"Hapana. Goti limelika, picha inaonyesha. Uliumwa kweli, na nafuu umeipata kweli. Sisi tulitaka kujua kama kile kibomba kinasaidia, na inaonekana hakisaidii sana."

Alirudi nyumbani miguu mizito, akihofia mkewe atajiona amehangaika bure. Alimkuta akianua nguo, akamwambia pale pale.

Mkewe akalitazama goti. "Sasa hivi linauma?"

"Kidogo."

"Kama zamani?"

"Hapana. Zamani kuna siku nililia."

"Nilikusikia," akasema kwa upole. "Ulidhani nimelala."

Kisha mkewe akaanza kucheka chini chini. "Yaani nimebembeleza kovu la maigizo." Fundi naye akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Goti halikupona kabisa. Asubuhi za baridi lilimsumbua, na sakafu kubwa akaanza kuwaachia wenzake. Lakini likimuuma alisema, na mkewe akasogea karibu.